Uso Unaotazama Chini

Mwerezi unataka kuelea, alisema mjomba Yevstafi,
na huu mwekundu wa mlimani unataka kuzama.
Ifunge pamoja kwa mizizi ya msonobari
iliyolala usiku kucha ndani ya ndoo ya rangi:
ugomvi wao
ndio ndoano.

Machi, Hoonah, siku ya kumi na moja ya mvua.
Nilikuwa nimekuja na zangu za duka la Brekke,
chuma kisichojua kutu, dazeni kwa dola tisa,
zinang'aa kama meno ya bandia.
Akachukua moja. Akaijaribu kwa dole gumba.
Akanirudishia.
"Hii haimuulizi samaki chochote."

Basi nikakaa juu ya kreti nikajifunza kuuliza.

Pengo kati ya mikono miwili ya mti:
ngumi yako, na dole gumba limesimama.
Mtoto wa gayogayo hawezi kulipanulia kinywa.
Bibi kizee wa huko chini, mpana kama mlango,
mwenye mayai yasiyohesabika tumboni,
taya lake halipiti.
Anabaki mchangani anatuzalia.
Ndoano inayojua nani wa kumwacha,
mjomba akasema, na akapiga chafya.

Mwiba ni mfupa wa dubu, umelazwa kinyumenyume,
maana gayogayo hang'ati.
Anavuta maji, na pweza wetu ndani ya maji.
Kumeza hakumdhuru.
Kisha anaonja mti, anashuku, anatema,
na ni kutema kunakomponza.

Mshipi ulikuwa mwani, mashina marefu
tuliyoyakausha, tukayaloweka, tukayasokota.
Ukiwa mkavu unavunjika kama biskuti.
Ulowe, mvute na dubu upande wa pili.
Chubwi: jiwe la mto, si risasi,
limeshikwa kwa kitanzi cha kulegea.
Samaki akinasa, unatikisa mara moja
na jiwe linabaki huko.
"Tuliliazima tu," alisema. "Kwa nini ulipandishe tena?"

Halafu ikaja sanamu.
Juu ya mkono wa chini huchongwa uso,
na uso huo hutazama sakafu ya bahari.
Wewe uliye mtumbwini huuoni.
Kazi yote ile, macho, pua, mikunjo ya paji,
kwa ajili ya mtazamaji mmoja
mwenye macho yote mawili upande mmoja wa kichwa.

Mjomba alikuwa amechonga fisi maji.
Mama yake alimchonga mdeni wake, mashavu na yote.
Mimi sikujua nimchonge nani.
Wiki tatu. Visu viwili. Kidole kimoja, mishono minne.
Siku moja pua ikatokea yenyewe kutoka kwenye mti
na nilikuwa ninaijua:
Brekke, anayehesabu chenji mara mbili.

Mjomba alicheka hadi akashika meza.
Hakuwa amecheka tangu alipong'olewa jino la Januari.

Tukaishusha asubuhi ya kwanza bila mvua.
Chelezo kikalala juu ya maji, kikasimama,
kikatetemeka kama mtu anayeitwa kwa jina lake,
kikalala tena.
Tulipovuta, jiwe lilikuwa limekwenda, chambo kimekwenda,
samaki hayupo.
Na kwenye shavu la Brekke, safu ya meno,
mpya, nyeupe, zimezama ndani ya mti.

"Amesoma," alisema mjomba. "Hakukubaliana."

Nikaipeleka dukani, nikaiweka kaunta karibu na mizani.
Brekke akaigeuza. Akavaa miwani.
Akaugusa ule mstari wa meno, kisha,
bila kujua, akagusa shavu lake mwenyewe.

"Bei gani?"

Nikamwambia haiuzwi.
Ina kazi Jumanne.
Nikanunua sandarusi na misumari ya senti themanini,
naye akanihesabia chenji,
mara moja tu.